Ndege ya kusaidia askari wa ardhini: gharama iko kwenye saa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Kila habari za mapigano ya mashariki ya Congo zinapopamba moto, hapa Tanga mazungumzo ya vijiweni hurudi kwenye ndege za kivita za kusaidia askari wa ardhini kwa karibu. Mmoja ataitaja A-10 ya Marekani na mzinga wake, mwingine atajibu kwa Su-25 ya Kirusi, na mwisho wa yote ni swali la bei: moja dola ngapi, na nchi kama yetu ingemudu ngapi. Naona swali hilo linatupoteza. Bei ya kununulia ni sehemu ndogo ya gharama, na ndege yenyewe ni nusu tu ya silaha. Nusu ya pili ni askari aliyelala kwenye tope akiwa na redio, ramani na darubini.

Nianze na ndege, maana hapo ndipo maneno mengi yasiyo sahihi yanapotoka. A-10 ilibuniwa na kampuni ya Fairchild Republic, ikaruka mara ya kwanza Mei 10, 1972, na kiwanda kikaacha kuitengeneza 1984 baada ya kutoa ndege zaidi ya 700. Mzinga wake, GAU-8, una mitutu 7 inayozunguka na hufyatua risasi za milimita 30 kwa kasi ya 3,900 kwa dakika. Ukijumlisha mzinga, ngoma ya risasi na mitambo ya kulishia, unapata kitu chenye urefu unaokaribia mita 6 na uzito wa kama tani 1.8. Mtutu unaofyatua lazima uwe kwenye mstari wa katikati ya ndege, vinginevyo kishindo cha kurudi nyuma kingeipinda pua kila rubani anapobonyeza. Kwa hiyo mzinga wote umesogezwa kidogo kushoto, na gurudumu la mbele likasogezwa kulia kuupisha. Maganda nayo hayatupwi nje. Yanarudi ndani ya ngoma, yasije yakaigonga ndege au kumezwa na injini.

Sasa hesabu. Risasi 3,900 kwa dakika ni 65 kwa sekunde. Ngoma kwa kawaida hubeba risasi kama 1,150. Gawanya, utapata sekunde zisizofika 18 za kufyatua, basi, zimekwisha. Ndiyo maana rubani hufyatua kwa sekunde moja au mbili tu kila anaposhuka. Usahihi wake unaotajwa ni asilimia 80 ya risasi kuangukia ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 12 kutoka umbali wa mita 1,220. Kwa aliyezoea kukaa majukwaani Mkwakwani, mita 12 ni zaidi kidogo ya umbali kutoka mstari wa goli hadi alama ya penalti. Kwa kifaru kilicho peke yake jangwani, huo ni usahihi mzuri. Kwa nyumba moja katikati ya kijiji, duara hilo lina watu wengine ndani yake, na asilimia 20 ya risasi zimeanguka nje ya duara.

Mzinga huo pia ulileta tatizo ambalo wapenzi wake hawalitaji. Moshi na gesi ya baruti hutoka puani na kupita kuelekea injini, na katika majaribio ya awali injini zilikuwa zinazimika. Dawa iliyopatikana ni viwashio vya injini kuwaka vyenyewe pale rubani anapobonyeza kitufe cha kufyatulia, na injini kuoshwa mara kwa mara kuondoa masizi kwenye mapanga ya kukandamiza hewa. Kuosha huko ni saa za mafundi, maji, dawa na ndege kukaa chini. Haimo kwenye bei ya kununulia.

Ugumu wa A-10, hata hivyo, ni wa kweli. Rubani ameketi ndani ya beseni la titani lenye uzito wa kama kilo 540, unene wake ukianzia milimita 13 na kufika 38 kulingana na upande. Matangi ya mafuta yamejazwa sponji ya kuzuia mlipuko. Mifumo ya haidroliki ni miwili, na yote miwili ikipasuka, rubani huhamia kwenye nyaya na kuiongoza ndege kwa nguvu ya mikono yake. Aprili 7, 2003, baada ya kupigwa juu ya Baghdad, rubani wa Kimarekani Kim Campbell aliirudisha ndege yake Kuwait kwa njia hiyo. Injini mbili zimewekwa juu, nyuma ya mbawa, ili mchanga na kokoto za uwanja zisiingie, na mkia wa mapezi mawili unasaidia kuficha joto lake kwa makombora yanayofuata joto. Injini ya kulia inaweza kufungwa kushoto. Pezi la mkia na miguu ya nyuma ya magurudumu ni hivyo hivyo. Kwa mkuu wa bohari ya vipuri, hiyo ni neema: sehemu moja rafuni inatosha pande mbili.

Ila ugumu una mpaka. Februari 1991, ndege mbili za aina hii ziliangushwa siku moja zilipokuwa zikivishambulia vikosi vya Republican Guard vya Iraq, na kamanda wa anga akaziondoa kwenye shabaha hizo. Penye makombora ya kutosha, ndege inayotambaa chini kwa kilomita 560 kwa saa ni shabaha. Tumeona jambo linalofanana jirani na kwetu: Januari 24, 2023, Su-25 ya Congo ilipigwa kombora ikiwa juu ya Goma, ikatua inawaka moto.

Hali ya hewa nayo hupitwa kimya. A-10 hufanya kazi chini ya mawingu yaliyoshuka hadi mita 300, mradi rubani aone mbele kilomita 2.4. Sifa hiyo inafaa kwenye tambarare. Asubuhi za Usambara, wingu linapokuwa limelala juu ya mti wenyewe, mita 300 hizo hazipo, na rubani anayejaribu kushuka ndani ya bonde la Lushoto akiwa haoni ukingo anakwenda kugonga mlima. Silaha zinazoongozwa kwa satelaiti hupita kwenye wingu, lakini zinataka mtu wa chini atoe namba sahihi za mahali. Hapo nitarudi.

Kuhusu gharama, ndugu zangu wengi hunukuu takwimu za saa moja ya kuruka bila kuuliza ndani yake kuna nini. Kwa A-10 utasikia dola 10,000, utasikia pia karibu 20,000, na anayenukuu ya kwanza atamwita wa pili mwongo. Wote wanaweza kuwa sahihi. Hesabu ndogo huwa na mafuta, vilainishi na vipuri vinavyobadilishwa. Hesabu kubwa huongeza matengenezo mazito ya karakana, mishahara ya marubani na mafundi, na maboresho ya mitambo. F-35A, ambayo Marekani ilitaka ichukue sehemu ya kazi hii, hupita dola 30,000 kwa saa. Super Tucano, ndege ya pangaboi iliyobuniwa Brazil, watengenezaji wake hutaja kitu kama dola 1,000 hadi 1,500. Usilinganishe namba ya mtengenezaji na namba ya mkaguzi wa serikali; hazijapimwa kwa kibaba kimoja.

Kilicho muhimu kuliko saa moja ni saa ngapi zinahitajika. Tuchukue mfano. Kutoka Tanga hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 390. A-10 huweza kwenda umbali wa kilomita zaidi ya 460, ikazunguka juu ya askari kwa zaidi ya saa moja na nusu, ikarudi. Kwa mwendo wa kilomita 560 kwa saa, kwenda Dodoma ni dakika 42. Weka 45 pamoja na kuruka na kupanga. Kurudi 45. Saa tatu angani, na ndani yake saa moja na nusu tu ni ya askari waliokuita.

Ukitaka ndege mbili ziwe juu yao usiku na mchana, maana ndege hizi huenda mbili mbili, moja ikishuka nyingine inalinda, unahitaji saa 48 za kuzunguka kwa siku. Gawanya kwa saa moja na nusu: safari 32. Zidisha kwa saa tatu: saa 96 za kuruka kila siku. Kwa dola 10,000, ambayo ndiyo hesabu ndogo, ni dola 960,000 kwa siku kabla hujadondosha bomu hata moja. Na kama kila ndege itaruka mara mbili kwa siku, unahitaji 16 zilizo nzima, juu ya zile zilizofunguliwa injini karakanani. Anayesema ndege sita zitatosha kulinda kikosi kilicho mbali hajapiga hesabu hii. Ndege sita zitawalinda kwa saa chache, na adui akijua ratiba atasubiri ziondoke.

Hapo ndipo ndege ndogo ya pangaboi inapata hoja yake. Inakula mafuta kidogo na inaweza kukaa juu muda mrefu zaidi. Ikizunguka saa tatu badala ya moja na nusu, safari 32 zinashuka hadi 16. Haibebi beseni la titani, bunduki zake za ndani ni mbili tu za milimita 12.7, na uwezo wake wa kubeba silaha ni tani moja na nusu dhidi ya zaidi ya tani 7 za A-10. Dhidi ya waasi wenye bunduki na pikipiki, inatosha. Dhidi ya jeshi lenye makombora, isipelekwe.

Lakini hata hiyo ndogo si rahisi kama bei ya ndege inavyodanganya. Nigeria ilinunua Super Tucano 12 kwa mpango uliotajwa kuwa wa dola milioni 593, na zikafika 2021. Ukigawa, ni zaidi ya dola milioni 49 kwa kila ndege, na hapo wengine hupiga kelele za wizi. Kabla ya kupiga kelele, soma kilichomo: mabomu na roketi, vipuri, mafunzo ya marubani na mafundi, vifaa vya karakana, na ujenzi kwenye kambi ya Kainji. Ndege bila hivyo ingekuwa pambo la gwaride kufikia mwaka wa pili.

Kuna na gharama inayokuja ukiwa umeshasahau. Bati na boriti za mbawa huchoka. Ndege inayobeba mzigo mzito, ikageuka kwa nguvu karibu na ardhi mara kumi kwa safari, hufanya nyufa ndogo kwenye mizizi ya mbawa na kwenye matundu ya riveti, na nyufa hizo hazionekani kwa macho. Zinatafutwa kwa mitambo, mbawa zikiwa zimefunguliwa. A-10 zilifika hapo. Mwaka 2007 kampuni ya Boeing ilipewa kazi ya kutengeneza mbawa mpya, na 2019 ikapewa mkataba mwingine wa hadi dola milioni 999 kwa hadi seti 112. Seti zote zikiagizwa, ni karibu dola milioni 9 kwa ndege moja, kwa mbawa peke yake, kwa ndege iliyoacha kutengenezwa 1984. Vipuri vingine hung'olewa kwenye ndege zilizoegeshwa jangwani Arizona. Mnunuzi wa ndege kuukuu asiye na jangwa la namna hiyo ajiulize atang'oa wapi.

Na 2014 Jeshi la Anga la Marekani lilipotaka kuzistaafisha A-10 zote, lilisema lingeokoa dola bilioni 3.7 kwa miaka mitano. Bunge lilikataa. Watu wakauliza kwa nini wasipunguze nusu tu. Jibu ni kwamba ukipunguza nusu, shule ya marubani inabaki, chumba cha mazoezi ya kuigiza kinabaki, mkataba wa vipuri unabaki, wahandisi wa mbawa wanabaki. Pesa kubwa hupatikana aina nzima inapoondoka. Kinyume chake ni kweli pia: nchi ikianzisha aina mpya ya ndege hata kwa ndege nne, inalipia shule, karakana na mkataba karibu kama wa ndege kumi na mbili.

Sasa nirudi kwa yule aliye kwenye tope. Wazee wa Tanga wanavijua Vita vya Nyuki. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000 dhidi ya kikosi cha Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck kisichozidi sana 1,000, wakashindwa. Walikuwa na mizinga majini, ya manowari Fox na mingine iliyofyatuliwa kutoka kwenye sitaha ya meli ya usafirishaji. Haikuwafaa kwa lolote la maana, maana miti na vichaka viliziba macho na hakukuwa na mtu nchi kavu wa kuielekeza ipasavyo. Moto mkubwa usio na jicho hausaidii askari wako, uwe unatoka baharini au angani.

Majeshi yaliyozoea kazi hii yana mtu aliyefunzwa kuwa jicho hilo, mwongozaji wa mashambulizi ya anga, na ujumbe wake kwa rubani una mistari tisa kwa mpangilio usiobadilika: mahali pa kuanzia, uelekeo, umbali hadi kwenye shabaha, mwinuko wa shabaha, maelezo yake, mahali ilipo, alama iliyotumika kuionyesha, askari wetu wako upande gani na umbali gani, na njia ya kutokea. Kisha masharti. Rubani anarudia kwa sauti mwinuko, mahali ilipo shabaha na masharti. Asipovirudia sawasawa, hapewi ruhusa ya kufyatua. Hakuna mkato.

Kumwonyesha rubani shabaha kwa maneno ni kazi ya ufundi. Chukua shamba la mkonge kati ya Muheza na Korogwe. Ukiwa juu, mistari yote inafanana, na barabara za udongo mwekundu zinakatana kwa pembe zile zile kilomita baada ya kilomita. "Adui yuko njia panda ya shamba" haimwambii kitu. Mwongozaji mzuri huanza na kikubwa kwenda kwa kidogo: unaliona paa refu la korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge? Upande wake wa mashariki kuna tangi la maji? Umbali kati ya paa na tangi uwe kipimo kimoja. Sasa kutoka kwenye tangi nenda vipimo vitatu kusini, ufike barabara ilipopinda. Unaona nini kwenye kona? Rubani ndiye anayetakiwa kueleza anachokiona. Mwongozaji akimtajia jibu, rubani atalikubali hata akiwa anatazama kona nyingine.

Makosa ya hapo huua watu wako mwenyewe. Desemba 5, 2001, nchini Afghanistan, mwongozaji alibadilisha betri ya kifaa chake cha kupimia mahali. Kifaa kilipowaka upya kilionyesha pale alipo yeye, si shabaha. Namba hizo zikasomwa redioni, na bomu la karibu kilo 900 kutoka ndege ya B-52 likaangukia kikosi chake. Wamarekani watatu walikufa pamoja na Waafghani waliokuwa nao, na Hamid Karzai, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, akajeruhiwa kidogo. Machi 28, 2003, nchini Iraq, marubani wawili wa A-10 waliona vitambaa vya rangi ya machungwa juu ya magari ya Waingereza, vilivyowekwa hapo makusudi kuwatambulisha, wakadhani ni roketi. Hawakuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na magari yale. Mwingereza mmoja alikufa. Siku zote mbili ndege na silaha zake zilifanya kazi bila hitilafu.

Msomaji wa Kitanzania ana sababu ya kulijali jambo hili kuliko mabishano ya A-10 na Su-25. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wetu ya Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa kwa saa kadhaa, na Watanzania 15 walipoteza maisha. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa Machi 2018 ulitaja kukosekana kwa mpango wa kuwaongezea nguvu na kuwaondoa wanaposhambuliwa, na upungufu wa huduma za msingi, ikiwemo ya anga. Miaka minne kabla, mwaka 2013, helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini ziliwasaidia askari wa brigedi ya Umoja wa Mataifa, yenye Watanzania, dhidi ya waasi wa M23, na zilifanya kazi kwa sababu zilikuwa karibu na zilikuwa na watu wa kuzielekeza.

Kwa hiyo ninaomba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu ununuzi wa ndege au helikopta za kulinda vikosi, popote pale katika ukanda wetu, liulize wahusika mambo haya na lichapishe majibu: ndege itakaa dakika ngapi juu ya askari kutoka kambi itakayotumika, saa ngapi za kuruka kwa mwaka zimelipiwa, na kwa miaka mingapi, waongozaji wangapi wa ardhini wamefunzwa, kila mmoja ameongoza mashambulizi mangapi ya mazoezi usiku, na redio zao zinasikilizana na za ndege hizo au hazisikilizani.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga